Chumba cha Kuta Mbili na Nusu

Nilikuwa juu ya ngazi nabandika picha ya tisa ukutani niliposikia kicheko nyuma yangu.

"Anti, hizo picha kabandika nani? Twiga?"

Sikugeuka mara moja. Nilimalizia kwanza pembe ya chini, nikaipapasa mpaka ikalala, ndipo nikashuka. Walikuwa wasichana wawili waliotoka shule moja kwa moja na mikoba yao mgongoni. Mmoja alivaa miwani mikubwa. Mwingine alikuwa binamu yake, mfupi, mwenye mdomo usiojua likizo. Wote walikuwa na miaka kumi na sita. Mwongozaji wa video ya wimbo ndiye aliyewaita, wakae nusu saa kwenye seti, chumba chetu cha kuigiza, na waseme lolote watakalo juu yake.

"Ni mimi," nikasema. "Kuna kasoro?"

"Kasoro ni nyingi, anti, tuanze na ngazi," akasema binamu mtu. "Mtu anabandika picha chumbani kwake akiwa amepiga magoti kitandani. Pale mkono unapofika ndipo picha inapokaa. Nani anatafuta ngazi?"

Nikaandika kwenye daftari langu: *picha zishuke, urefu wa mtu aliyepiga magoti*. Huandika kila ninachoambiwa, hata nisichokubaliana nacho, kwa sababu kazi hii hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kupanga viti na maua kwenye kumbi za harusi. Siku moja wapiga video wakahitaji mtu wa kuwapangia sebule ya uongo, nikawapangia, na tangu hapo nimejifunza kwa kutazama na kuandika. Daftari nililokuwa nalo siku hiyo lilikuwa la kumi na saba.

Chumba chenyewe kilikuwa na kuta mbili na nusu. Tulikijenga kwa mbao nyembamba ndani ya bohari iliyowahi kuhifadhi matairi, na ukivuta pumzi ulisikia harufu ya mpira. Upande usio na ukuta ndiko ingekaa kamera. Kulikuwa na kitanda, meza, rafu, dirisha lenye taa nyuma yake badala ya jua, na mlango usioenda popote. Mlango huo ulitakiwa uwe umefungwa muda wote.

Mwongozaji alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye sauti ya taratibu kama daktari wa meno. Siku ya kwanza alinieleza kazi yake bila kunificha kitu. Uso wa mwimbaji uonekane kabla sekunde tatu hazijapita, na macho yaangalie kamera moja kwa moja. "Hatuimbii umati, dada," aliniambia. "Anayetazama yuko peke yake na simu yake. Tunamwimbia mtu mmoja, mara milioni." Mwimbaji alikuwa na miaka ishirini na minne, lakini humu awe na kumi na sita. Avae sweta kubwa kuliko mwili wake, ili kila msichana ajione anaweza kulivaa. Dansi iwe ya mikono na mabega tu, ya kuigizwa na mtu aliyekaa kitandani. Mzazi asionekane, hata kiatu chake. Na pembezoni mwa picha viwekwe vitu vidogo vya kumfanya mtazamaji aisimamishe video, aikuze, awatumie rafiki zake na kuwauliza, mmeona hiki?

Hivyo vitu vya pembezoni ndiyo kazi yangu.

Wapo wanaosema yote haya ni ulaghai. Mimi sijafika huko. Niliwahi kumwona msichana amekaa kwenye ngazi za duka, peke yake, uso umemshuka. Akawasha simu, na wimbo uliotoka niliutambua, kwa kuwa chumba kile nilikipanga mimi. Kwa dakika tatu uso wake ulipanda. Sijui niite nini kitu hicho, kwa hiyo sikiiti chochote.

Wasichana wakaanza ukaguzi. Mwenye miwani alitembea polepole, akigusa vitu kwa ncha ya kidole. Binamu yake alijitupa kitandani na viatu vyake.

"Simu inachajiwa wapi?" akauliza.

"Pale mezani," nikasema. "Kuna soketi."

Wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Simu mezani, mwenyewe kitandani! Anti, wameachana?"

Hata mimi nilicheka. Nikaandika.

"Na hizi nyota za kubandika kwenye rafu," akasema mwenye miwani, "na vitabu vimepangwa kwa urefu, na huyu sungura. Anti, hukukipanga vibaya. Kinaonekana kabisa kama chumba cha mtu. Ila huyo mtu ni mtoto. Miaka kumi na miwili. Kumi na mitatu akijikaza."

Kalamu yangu ilisimama. Hakuwa amesema kwa ubaya, alikuwa anafanya kazi aliyoitiwa. Na alipatia hasa, kwa sababu chumba kile nilikinakili kutoka chumba cha binti yangu, nyumbani kwangu, kona kwa kona. Binti yangu alikiacha akiwa na miaka kumi na mitatu na miezi miwili. Sasa ana kumi na sita. Mimi nafuta vumbi humo kila Jumamosi, na muda wote huo sikuwahi kufikiri kwamba mwenye chumba amekua na chumba kimebaki.

Mwongozaji alisikia yote. Alinivuta pembeni, karibu na nyaya za taa.

"Dada, unakumbuka video iliyopita?"

Nilikumbuka. Watoto waliandika chini yake, maelfu kwa maelfu, kwamba mwimbaji amehamia chumbani kwa bibi yake.

"Ikitokea tena sitaweza kukutetea," akasema. "Kesho saa nne tunapiga. Wewe si una binti wa rika hilihili? Mwombe picha moja tu ya chumba chake. Moja."

Angeniomba kitu kingine chochote ningefanya.

Miaka mitatu iliyopita nilihitaji ukuta wa msichana kwa ajili ya wimbo mwingine, na muda ulikuwa umenibana. Nyuma ya mlango wa binti yangu kulikuwa na michoro kumi na moja aliyoichora kwa penseli. Alikuwa shule. Nikaipiga picha kwanza, kama kawaida yangu, ili nijue ipi ilikaa wapi, nikaichukua. Jioni niliirudisha yote, kila pini kwenye tundu lake. Sikujua kwamba yote ilikuwa sura ya mvulana mmoja wa darasani kwao. Video ilipotoka, darasa zima lilimtambua mvulana, na aliyechora wakamtambua vilevile. Nilikuwa nimedhani atafurahi kuona kazi ya mkono wake. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, uliirudisha vizuri hivyo ili nisijue?"

Muhula ulipokwisha akahamia kwa baba yake, mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Tunazungumza Jumapili dakika tano, za afya na masomo. Chumba anacholala sijawahi kukitia machoni.

Nilikaa kwenye kreti la taa, nikapiga moyo konde, nikaandika: *Mwanangu, hujambo. Naomba picha ya chumba chako.*

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyozoea.

*Ya kazi au yako?*

Niliangalia maneno hayo mpaka kioo kikazimika. Nikakiwasha tena. *Ya kazi,* nikaandika, kwa kuwa uongo nisingeuweza. Halafu nikaongeza: *Na yangu pia. Sijawahi kukiona.*

*Chagua moja.*

Kule kitandani wasichana walikuwa wanamfundisha mwongozaji dansi ya mabega, naye anakosea makusudi ili wacheke. Fundi wa taa alikuwa akijaribu rangi ya dirisha, zambarau, waridi, zambarau tena. Ningeweza kuandika "ya kazi," nikapata picha au nikanyimwa, na yote yangekuwa halali. Nilihesabu saa zilizobaki mpaka kesho saa nne.

*Yangu,* nikaandika.

Muda ukapita. Nilidhani nimeambulia patupu. Kisha picha ikafunguka, kwanza na ukungu, halafu safi.

Kilikuwa chumba kidogo. Kitanda kilisukumwa mpaka kichwa kikagusa soketi, na waya wa kurefusha umeme umezungushwa kwenye mguu wake. Kiti kilibeba nguo mpaka hakikuonekana kama ni kiti. Kwenye komeo la dirisha zilining'inia bendi za nywele, nyeusi zote. Kuta zilikuwa tupu. Hakukuwa na mchoro hata mmoja. Lakini kando ya mto, urefu wa uso wa mtu aliyelala, rangi ya ukuta ilikuwa imebanduliwa kwa ukucha, kidogo kidogo, mpaka pakabaki baka la ukubwa wa kiganja.

Nitasema ukweli. Jicho lililoliona kwanza lile baka lilikuwa jicho la kazi. Nilijua hapo hapo kwamba kila mtoto anayelala akiukabili ukuta angeisimamisha video na kusema, huyu ni mimi. Ningelitengeneza kwa kisu na kitambaa kibichi, dakika kumi, lisitofautiane na lile.

Jicho la mama lilichelewa, labda kwa pumzi mbili. Lilipofika likauliza inachukua usiku ngapi kubandua rangi kiasi kile.

*Unalala umeelekea ukuta?* nikamwandikia.

*Wakati mwingine.*

*Nikija Jumapili ijayo utanifungulia?*

Ujumbe ukasomwa. Alama ziligeuka buluu. Jibu halikuja.

"Ametuma?" Mwongozaji alikuwa amesimama mbele yangu, jasho usoni kwa sababu ya dansi.

"Ametuma."

"Afadhali! Lete tuone."

Niliigeuza simu, kioo kikalalia paja langu. "Si ya kazi, mdogo wangu. Nimetumiwa mimi."

"Sijakuelewa, dada."

"Nimempa neno langu."

Alikuna kichwa. Si mtu mbaya. Nilimwona akitafuta njia ya kutonigombeza. "Basi usinionyeshe. Niambie tu kitanda kimekaaje."

"Hata hilo."

"Tunapiga saa nne, dada."

"Najua."

Alitazama kuta zetu mbili na nusu, akanitazama mimi, akaenda kuzungumza na fundi wa taa. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu fundi akiinua mabega.

Mwenye miwani alikuja akakaa sakafuni karibu nami. "Anti, mbona tupo? Kesho si shule. Tupe sisi tukipange."

"Ee!" binamu yake akadakia kutoka kitandani. "Tutakipanga mpaka mwimbaji aombe kuhamia. Mimi nitaleta blanketi langu, lina shimo la sigara, si yangu, ya mjomba, msinitazame hivyo. Na daftari langu lenye vijembe. Na ile barua niliyoandikiwa, tutaibandika pale, isomeke nusu."

"Usilete," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Njooni saa moja asubuhi," nikasema tena, taratibu. "Mtaniambia kitu kikae wapi, nami nitakiweka. Mkitaka blanketi lenye shimo, tutalichoma hapa hapa. Barua tutaiandika mpya. Vitu vyenu viacheni nyumbani."

"Kwani tatizo nini? Wenzetu wakiviona si ndiyo raha yenyewe?"

"Leo ni raha."

Binamu alitaka kubisha. Mwenye miwani akamkanyaga mguu, nikamwona. Wakachukua mikoba, wakaniaga, na hadi walipofika getini bado niliwasikia wakishindana kuhusu rangi ya mto.

Mwongozaji naye aliondoka bila maneno mengi. "Saa moja," alisema, akiuangalia mlango wetu usioenda popote. "Kama hakijaiva saa nne nitapiga hivyo hivyo, na jina lako litakuwa chini yake."

"Sawa."

Fundi wa taa alizima dirisha, na jua letu likatua mara moja. Nilibaki na taa ya bohari, ile nyeupe isiyompendeza mtu. Nilitoa brashi na chupa ya maji ya moto, nikapanda ngazi, nikaanza kuzibandua picha moja moja ili zisichanike, kwa kuwa kesho zingeshushwa. Kila moja niliilaza mezani kwa mpangilio wake. Simu niliiweka kwenye rafu, kando ya sungura, mahali ambapo ningeona ikiwaka.

Baada ya picha ya sita maji yalikuwa yamepoa na gundi haikutaka tena kuachia. Nikashuka. Kitanda nilikiacha pale pale kilipokuwa, mbali na soketi. Kisogezwe na wao. Kwenye daftari niliandika: *kesho: picha tatu zilizobaki. Nyota zitolewe. Blanketi la kuchoma. Kitanda, waulizwe wasichana.* Chini yake niliandika saa ya basi la Jumapili, la kwanza la alfajiri, kwani saa ya basi haihitaji jibu lake ili niijue.

Nikafunika kitanda kwa plastiki kisiingie vumbi, nikachukua simu kutoka kwenye rafu, bado haijawaka.