Konokono wa Kigabiro

Khatibu hakupelekwa Kibondo kutafuta konokono. Alipelekwa na idara yake ya serikali kutafuta mbung'o, na kwa kuwa watu wa kijiji cha Murungu wao mbung'o wanamwita ndorobo, hawakujisumbua kujifunza jina la mgeni wao. Walimwita Bwana Ndorobo, wakacheka kidogo, wakaendelea na maharage yao.

Alikuwa mtu wa Pangani, mrefu, mkavu, mswalihina, mwenye kanzu alizozipiga pasi mwenyewe na ile tabia mbaya ya kusahihisha Kiswahili cha watu wakiwa wamemkaribisha kwao. Hakuchukiwa, lakini na kupendwa hakupendwa. Mkewe alikataa katakata kumfuata bara, akabaki kwao Pangani, na kadiri miaka ilivyosonga hata salamu zake zikawa za kubahatisha. Khatibu alijifanya hajali. Alijali sana, ila hakuwa na wa kumwambia.

Kazi yake ilikuwa kuchekecha udongo. Mbung'o jike huzaa buu, na buu hilo hujifukia chini ya majani makavu, likajifunga ndani ya kijiganda cheusi mpaka liote mabawa. Anayetaka kujua kama ndorobo wapo mahali fulani hana budi kupiga magoti kivulini na chekecheke lake, achekeche, atazame kilichobaki. Siku nyingi kilichobaki kwenye chekecheke la Khatibu kilikuwa vijiti, mchwa, na vitu vya rangi ya maziwa vilivyofanana na chenga za mchele. Chenga hizo alizimwaga bila kuzitazama mara mbili, mpaka asubuhi moja, akiwa Kigabiro, chenga moja ilipoanza kutembea.

Kigabiro kilikuwa kisehemu cha msitu juu ya Murungu, miti mikubwa iliyoachwa tangu zama za mwami, mtawala wa jadi, ikikumbatiana hata jua likashindwa kupenya. Hakuna aliyekata kuni mle. Wafu wa ukoo walizikwa mle, na mwenye kupaangalia alikuwa Generosa, mjane mwenye ulimi mkali, Mkristo wa kila Jumapili na mpishi wa gongo wa siku nyingine zote. Mumewe alilala mle, na mwanawe wa kwanza pia. Khatibu alipomwomba ruhusa ya kuchekecha udongo wa pale, alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Ndorobo wako wakiuma wafu, watakufa wao," alimwambia. "Ingia. Ila usikanyage penye mawe."

Asubuhi ile Khatibu alikitia kile kichenga chini ya kioo chake cha kukuzia. Alikuta gamba zima la konokono, jembamba, lenye mistari kama iliyochorwa na sindano, na mdomo wenye kijino ndani yake. Ajabu zaidi, lilisokotwa kwenda kushoto, ilhali konokono wote aliopata kuwaona walisokotwa kwenda kulia. Alibaki amepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi. Alimpenda kiumbe yule. Sijui niseme vipi tena: mtu mzima, mkavu vile, alimpenda konokono asiyeijaza hata kucha.

Alikuwa na mtu mmoja wa kumpelekea habari, Dakta Stanislaus wa Dar es Salaam, mtaalamu wa konokono aliyepata kumfundisha zamani. Akamtumia gamba tupu, nalo lilifika limemeguka mdomo. Jibu likaja kwa kinywa cha dereva wa idara: Dakta hajaona kitu kama kile. Lakini gamba moja halitoshi, kwa sababu hata konokono wa kawaida huweza kuzaa mmoja aliyesokotwa kinyume, kama watu wanavyozaa mwenye mashoto. Atafute waliokamilika, wengi, na nyama zao ndani, awahifadhi kwenye spiriti. Yeye atapita Kasulu mwezi wa tisa. Wakiwa wamefanana wote, atawapa jina, na watajulikana dunia nzima kuwa wapo.

Mwaka wenyewe ulikuwa sabini na nne, mwaka wa operesheni. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni, kila mmoja na migomba yake, walitakiwa wahamie pamoja kijijini. Aliyekuja Murungu na kamba na vigingi ni katibu tarafa, Benedicto, kijana nadhifu, mwenye haraka, asiyependa kona. Kamba yake ilipita katikati ya Kigabiro.

Khatibu alimfuata alipokuwa akipima.

"Huyu mdudu wako," Benedicto alisema.

"Konokono si mdudu."

"Huyu konokono wako. Bwana Khatibu, mimi sina ugomvi na Dar es Salaam. Mtaalamu akisema kwamba kitu hiki hakipo pengine duniani, nitaihamisha kamba, na bibi yule atabaki na makaburi yake. Mwezi wa tisa ukiisha sijasikia neno, miti inalala. Nina watu wa kuwajengea."

Lilikuwa neno la mtu mwungwana, tusimwonee. Khatibu alikwenda moja kwa moja kwa Generosa kumweleza. Mama yule alisikiliza, akaweka chini chungu chake.

"Basi wafu wangu wanategemea huyu mdogo?"

"Wanamtegemea."

"Mawe we! Mama yangu! Twende tukamtafute."

Masika yote walitambaa, yeye Muislamu wa pwani na mjane yule, matumbo chini, wakifunua majani yaliyooza. Konokono hutoka kukiwa na unyevu tu. Kiangazi hujificha, hata uchimbe namna gani huwapati. Generosa alikuwa na macho mazuri na maneno mengi. Alimtania kwamba laiti angemtambalia mkewe namna hii, mama wa watu angehamia Kibondo zamani. Khatibu alikasirika, kisha akacheka, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alicheka. Wakawapata, mmoja leo na mwingine kesho, mpaka wakatosha. Wote walisokotwa kushoto.

Kikabaki kitu kimoja, spiriti. Khatibu alishuka Kibondo mjini kwa Hilali muuza duka, ambaye waliswali naye safu moja kila Ijumaa.

"Spiriti, shehe wangu? Sijaiona tangu mwaka jana. Hata mafuta ya taa nauza kwa kubembelezana."

Alirudi Murungu mikono mitupu. Generosa akaingia ndani, akatoka na chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Akamimina tone juu ya jiwe, akaliwasha kwa kijinga cha moto. Likawaka bluu.

"Ya kwanza kutoka," alisema kwa fahari. "Haina maji hii. Watie humu wadogo wetu."

Khatibu alirudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. Ni yeye aliyewafundisha watoto wa Waislamu kusoma alasiri. Ni yeye aliyekataa kukaa barazani pa mtu anayenuka pombe. Na gongo, zaidi ya kuwa haramu, ilipigwa marufuku na serikali.

"Chupa hiyo haiingii nyumbani kwangu, mama."

"Si ya kunywa. Ni ya konokono."

"Hata kwa konokono."

"Konokono naye amesilimu?"

Hakucheka safari hii. Ofisini kwake kulikuwa na fomalini, dawa kali ya kuhifadhia nyama za wanyama waliopigwa porini. Kama inaihifadhi nyama ya nyati isioze, alijiambia, itashindwa na konokono? Akawatia kwenye chupa ya dawa ya rangi ya kahawia, akaifunga, akaizungushia nta vizuri sana hata akaipenda kazi ya mikono yake. Aliiweka kabatini kiangazi chote. Hakuifungua. Aliona ingekuwa dhambi kuiharibu nta ile.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa alipanda lori la mihogo hadi Kasulu, chupa amepakata. Dakta Stanislaus alikuwa amefikia nyumba ya wageni, mtu mnene, mwenye furaha, aliyemkumbatia mbele ya watu. Akatandaza kitambaa cheupe mezani, akabandua nta, akamimina.

Yakatoka maji na vijinyama vyeupe, laini, vilivyonyauka. Dakta akageuza kimoja kwa sindano. Akageuza kingine. Akaitikisa chupa, akaichungulia kwa jicho moja.

"Magamba yako wapi?"

Khatibu alidhani anataniwa.

"Umewatia nini, Khatibu?"

"Fomalini."

"Nilisema spiriti."

"Spiriti haikupatikana."

"Fomalini ni kali kama ndimu, inalila gamba mpaka linakwisha. Nyama inabaki, gamba linakwenda. Ndugu yangu, huku bara kama huna spiriti si unatafuta gongo? Wenzako wote wanatumia gongo!"

Khatibu alishika ukingo wa meza. Aliliona lile tone likiwaka bluu juu ya jiwe, akasikia sauti yake mwenyewe, safi, ya kujisikia, ikikataa. Alitamani ardhi impasukie.

"Sema tu," alinong'ona. "Mwambie katibu tarafa ni wapya. Wewe unajua ni wapya."

"Nadhani ni wapya. Sijui. Siwezi kuuapia ute." Dakta alimwekea mkono begani. "Mwombe asubiri masika. Utawapata tena."

Masika! Khatibu alirudi kwa lori lile lile.

Benedicto alikuwa anamngoja barabarani pamoja na watu wenye mashoka. Alimwuliza kama amekuja na neno. Khatibu alisema hakuja nalo, ila akipewa mpaka masika atalileta. Benedicto akatikisa kichwa, bila hasira. Alisema mvua haitawangoja watu wasio na nyumba. Siku hiyo hiyo miti ilianza kulala.

Ilibidi amweleze Generosa, na alimweleza yote, hata habari ya gongo, kwa sababu mtu wa dini hawezi kuuma maneno. Mama yule alisimama akiutazama msitu ukifunguka na jua likiingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Khatibu alingoja atukanwe. Angeshukuru kutukanwa. Generosa alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na ile ile chupa, akaivunja juu ya jiwe, akaingia ndani.

Walichoma matawi, wakang'oa visiki, wakasogeza mawe ya makaburi ili kamba ipite. Mvua za kwanza zilipoosha majivu, Khatibu alipanda kwenda kutazama, na hapo moyo ukamvunjika kabisa. Magamba yalikuwa kila mahali. Yalimeta juu ya udongo mweusi, mazima, midomo mikamilifu na vijino vyake, yote kushoto, mengi kuliko alivyowahi kuota. Hakuhitaji chekecheke. Aliyazoa kwa kiganja. Hakuna hata moja lililokuwa na mtu ndani. Alipiga magoti pale pale, akalia machozi aliyoyazuia tangu Kasulu.

Masika yale, na yaliyofuata, alitafuta kila kichaka kilichobaki. Alikwenda Kumsenga, akateremka mabonde hadi karibu na Kasulu, akifunua majani, shati limelowa, watu wakisema Bwana Ndorobo kichwa kimemruka. Aliwapata konokono wa namna nyingi. Wote walisokotwa kulia.

Mwaka wa sabini na sita Dakta Stanislaus alifika Kibondo mwenyewe, amejaa furaha. Yale magamba ya majivuni aliyotumiwa na Khatibu yalitosha, hata bila nyama. Yamefanana yote, yamepimwa, yamechorwa, habari zake zimechapishwa Ulaya. Alifungua kurasa na kuweka kidole juu ya jina refu la Kilatini.

"Soma la mwisho," alisema.

Khatibu alisoma. Lilikuwa jina lake, limeongezewa herufi moja mkiani.

"Ndiyo desturi yetu. Wewe ndiye uliyemgundua."

"Mbadilishieni. Mpeni jina la Kigabiro. Mpeni la mama yule."

"Haiwezekani. Jina likishachapishwa ndiyo basi, hata lingekuwa na kosa. Mpaka dunia iishe ataitwa hivyo." Dakta alimtazama, asielewe. "Watu wanaililia heshima hii, Khatibu."

Jioni ile alikwenda kwa Generosa, kwenye nyumba yake mpya iliyopangwa mstarini na nyingine. Tangu ule msimu walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia kwamba yule mdogo sasa anajulikana dunia nzima, na kwamba amepewa jina lake yeye Khatibu, na kwamba amejaribu kulikataa.

Generosa alikuwa anachambua maharage.

"Basi na wewe sasa una wako pale Kigabiro," alisema bila kuinua macho. "Mimi mume na mtoto. Wewe huyo."

Akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa. Khatibu akakaa, akavuta ungo upande wake, na wakachambua maharage mpaka giza likaingia.