Joho Jekundu

Bosibori alishona majoho ya Kichina ya kale majira yote ya baridi, kwenye chumba chake cha chini ya nyumba huko ughaibuni, mtaa wa Mount Dennis. Wazo la kupiga picha lilikuwa lake. Joho jekundu la malkia alilikata kwa vipimo vyake mwenyewe.

Mwezi Mei miti ya cheri ikachanua bustanini. Michelle, rafiki yake wa kanisani, alifika na mchumba wake mwenye kamera, akalichukua lile jekundu bila hata kuomba.

"Wewe vaa la kijivu, la kijakazi," alisema. "Tuseme ukweli, Bosi. Malkia wa China mweusi hivyo, nani ataamini?"

Bosibori alimtazama. Babu zao walizikwa kijiji kimoja kule Kisii. Kilichowatofautisha rangi ni mkorogo tu aliojipaka Michelle.

Alivaa la kijivu, akashika mwavuli wa karatasi. Michelle alijifunga joho mwenyewe, mbiombio, upande wa kulia ukakaa juu ya wa kushoto. Miezi yote ile Bosibori alikuwa akimwambia: wa kushoto ndio hukaa juu. Katika China ya kale, aliyefungwa joho kinyume chake alikuwa maiti anayesubiri kuzikwa.

"Niko sawa?" Michelle aliuliza, shingo ameinyoosha mbele ya kamera.

Bosibori alimrekebishia pini ya nywele, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kama kijakazi.

"Umependeza, malkia. Usiguse kitu."