Lita Tatu Zilizopotea

Abbo haamini pipa la mbolea asilolipima mwenyewe. Wakulima wengine wa maua huku Busitema humwaga kwa kukadiria, na waridi likiungua wanasingizia jua. Yeye hapana. Kila akimaliza kumwagilia, huangalia mita ya maji, halafu huangalia mistari aliyoichora kwa rangi ya kucha ubavuni mwa pipa, na hapo ndipo hupiga hesabu. Injekta yao, kifaa kilichofungwa kwenye bomba mlangoni mwa banda la nailoni, hunyonya mbolea kutoka kwenye pipa na kuichanganya na maji, moja kwa mia. Maji lita mia, mbolea lita moja. Mtoto wa shule ya msingi anaweza hesabu hiyo, ila watu wazima ndio wanaoona uvivu kuipiga.

Asubuhi ile mita ilionyesha lita mia nane. Pipa lilikuwa limepungua lita kumi na moja.

Alirudia kusoma. Alipangusa mistari kwa kanga, akachutama ili jicho lilingane na mbolea. Kumi na moja. Kwa maji mia nane zilipaswa kuondoka nane tu. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya kumwagilia, kama kawaida yake, akatumia muda ule kupunguza vichipukizi, uliporudi akaendelea. Hakuna kingine kilichotokea.

Hofu ya kwanza ilikuwa ya waridi. Alikinga matone kutoka kwenye mpira wa kumwagilia wa mwisho kabisa, akachovya kipimo cha chumvi, kile kidude cha mkononi kinachofanana na kalamu nene. Moja nukta tano. Ndivyo maua yanavyotaka, wala si zaidi. Akagusa majani, akayanusa, akachimba udongo kwa kidole. Mawaridi yalikuwa salama, yamesimama yanamtazama. Akapitisha kiganja chini ya pipa: vumbi kavu.

Basi maua hayakunywa, na pipa halivuji. Lita tatu zimekwenda wapi?

Akaanza kulifuata bomba kwa macho, kutoka kwenye pipa hadi kwenye injekta, kutoka kwenye injekta hadi pale palipokuwa na vali ya shaba inayozuia maji yasirudi nyuma. Haikuwepo. Pale pameungwa kipande cha bomba kipya, cheupe, kimekazwa vizuri sana.

Olweny. Mume wake ni fundi wa kila kitu, hasa wa kile kisichoharibika. Tangu kiangazi kianze alikuwa analalamika kwamba maji yanapanda polepole, na kwamba ile vali ndiyo inayoyabana. Ameing'oa bila kumwambia mtu, akapakia maua kwenda Busia kwenye arusi, huku anapiga mluzi. Mwanamume wa namna hiyo ukimwacha na spana nusu saa, atakufungulia nyumba.

Na lile bomba, likishuka mlima kutoka bandani, halikuishia kisimani tu. Lilipita jikoni. Pampu moja, bomba moja, tawi la maua juu na tawi la bomba la jikoni chini. Umeme ukikatika, pampu inasimama, na maji yaliyokuwa yanapanda hutafuta njia ya kushuka. Mtu akifungua bomba jikoni wakati huo, huvuta maji ya bandani, na maji ya bandani huvuta mbolea ya pipani.

Asubuhi, wakati umeme umekatika, nani alikuwa jikoni? Mama mkwe wake, Akongo. Na Akongo asubuhi hufanya kazi moja kabla ya zote: huteka maji ya maziwa ya mtoto.

 Abbo akakimbia kuelekea jikoni.

Mwanawe, Emmy, alikuwa hajafikisha hata umri wa kukaa. Abbo alijifungua kwa upasuaji, akaugua, maziwa yakakauka, na mtoto akalelewa kwa chupa. Na mafunzoni walikotoka na ile injekta, mwalimu aliwaambia jambo moja ambalo wenzake walilisahau kabla ya chai: nitrati kwenye maji haimsumbui mtu mzima, lakini mtoto mchanga inamwibia hewa ndani ya damu. Anageuka rangi. Sehemu kumi za nitrojeni katika milioni, mwisho. Zaidi ya hapo usimpe.

Alikimbia anapiga hesabu. Hakutaka kuipiga, ilijipiga yenyewe. Kila lita ya pipa alikuwa ameitia gramu tisini na saba za mbolea ya nitrati, ili ikichanganywa moja kwa mia mawaridi yapate sehemu mia moja na hamsini. Lita tatu zimeshuka jikoni. Tuseme mama ameteka mitungi mitano, lita mia. Tatu kwa mia. Mia na hamsini mara tatu. Mia nne na hamsini! Mahali pa kumi! Akajikwaa kwenye mzizi wa muhogo, akainuka, kipimo bado kimo mkononi. Labda ameteka mitungi kumi. Labda hakuteka kabisa. Ee Mungu, labda alikwenda kanisani kufagia, labda mtoto amelala.

Akongo alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, mjukuu mapajani, chupa mdomoni mwa mjukuu. Alikuwa anaimba. Chupa ilikuwa imefika nusu.

Kwetu mke wa mtu hanyang'anyi kitu mkononi mwa mama mkwe. Hata akipokea, hupiga goti. Abbo aliivuta ile chupa kwa nguvu hata chuchu yake ikabaki kwenye fizi za mtoto.

"Wewe!" Akongo alishtuka. "Una wazimu?"

"Maji, mama. Maji uliyachukua wapi?"

"Bombani, wapi tena? Na usinitazame hivyo. Nimeyachemsha." Akongo alikuwa amekasirika sasa, na alikuwa na haki. Aliwahi kuzika watoto wawili mwaka wa kipindupindu, na tangu hapo maji yake hayaonjwi na mtu yasipotokota. "Nimeyachemsha sana, mpaka birika limebaki nusu. Hapo kuna mdudu gani atakayebaki?"

Nusu. Mdudu hufa, lakini mbolea haifi. Maji yanapaa na mvuke, yenyewe inabaki chini, inazidi kukolea. Kadiri bibi alivyompenda mtoto ndivyo alivyomkolezea. Abbo alichovya kipimo kwenye birika na namba zikapanda, zikapanda, zikakataa kusimama hadi zilipopita tano. Maji yao ya kila siku hayafiki hata nusu ya moja.

"Amekunywa tangu lini?"

"Chupa ya kwanza aliimaliza. Hii ni ya pili." Sauti ya Akongo ilianza kupungua. "Kuna nini? Abbo, kuna nini?"

Abbo alimgeuza mtoto kuelekea mwangani. Emmy hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa. Kucha zake pia.

Sowedi wa bodaboda alikuwa anakunywa chai pale kona ya barabara kuu. Alimwona Abbo anakuja bila viatu, akamwaga chai. "Panda, Mama Emmy. Shika mutoto muzuri. Mimi nakwenda Tororo, siulizi kitu."

Njia nzima Abbo aliweka kidole mbele ya pua ya mwanawe. Upepo wa pikipiki ulimdanganya. Kila alipodhani amehisi pumzi ilikuwa upepo, na kila alipodhani ni upepo mtoto alipepesa jicho. Malori ya Malaba yaliwapita yakipiga honi. Alitaka kumwambia Sowedi aongeze mwendo na alitaka kumwambia apunguze, kwa hiyo aliling'ata tu bega la koti lake. 

Mlangoni mwa hospitali alisema kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe: "Mtoto amekunywa mbolea. Nitrati. Chupa moja na nusu." Muuguzi hakuuliza mara ya pili. Alimtwaa mtoto, wakamwekea hewa, wakamtafutia mshipa, wakamtia dawa. Abbo alisimama ukutani akitazama midomo ile tu. Ilichelewa. Halafu, kidogo kidogo, kuanzia katikati, ikaanza kuwa ya pinki, na Emmy akapiga ukelele wa hasira. Abbo aliketi sakafuni akalia pamoja naye.

Olweny alirudi akasikia, akairudisha vali bila kuambiwa. Halafu akachimba mtaro na kulikata kabisa tawi la jikoni, akaleta maji ya nyumba kwa bomba lake peke yake. Hakupiga mluzi. Maneno aliyokuwa nayo Abbo hayaandikiki.

Mtoto aliporudi nyumbani, Abbo alimkuta mama mkwe jikoni, kikombe cha maji mkononi, mjukuu analia njaa mapajani, chupa iliyojaa pembeni haijaguswa.

"Mama, mbona humpi?"

"Nangoja." Akongo alimeza yaliyobaki. Anayepika pombe ndiye huonja wa kwanza mbele ya wageni, ili kila mtu ajue mtungi ni salama. Hivyo ndivyo alivyolelewa. "Nimekunywa kikombe kizima. Nikifika pale jua linapogusa mlango bila kuumwa, nitampa."

Abbo alipiga goti. Angeweza kumwachia uongo huo wa kuonja, ungemtuliza mzee. Lakini alishindwa.

"Mama, hata ungekunywa birika zima siku ile, usingeumwa. Mbolea ile inawaua wachanga tu. Wewe huwezi kuionja."

 Akongo akamnyanyua mtoto, akampakatisha mama yake, akamsogezea na chupa.

"Basi mnyweshe wewe," alisema. "Mimi siwezi tena."

Abbo alikuwa ameshayapima maji yale bombani, akayapima kwenye birika, akayapima kwenye chupa, na yote yalikuwa sawa. Alijua ni salama kama anavyojua moja kwa mia. Emmy alikuwa anapanua mdomo na kulia. Aliishika chupa, akaisogeza hadi karibu na ule mdomo, na mkono wake ukagoma hapo.