Folda ya Mihayo

Jumamosi moja ya Machi, Donatus, fundi simu wa Katoro, alipanga vifaa vyake juu ya kabati la vyombo sebuleni: kompyuta ya mezani iliyokwisha kustaafishwa na shule, diski mbili mpya, na ruta. Alikuwa anajenga seva ya nyumbani. Kampuni ya ng'ambo iliyomtunzia picha kwa miaka sita ilikuwa imemwandikia, kwa upole mkubwa, kwamba nafasi yake imejaa na kwamba itasikitika sana kumfutia. Donatus naye alisikitika, akaapa kwamba picha za wanawe hazitalala tena kwa watu wasiojua hata kumsalimu.

Jioni seva ilikuwa inanguruma kama friji kuukuu. Kila mtu wa nyumbani alipewa folda yake: mkewe Loveness, mdogo wake Mihayo, mchimbaji, aliyekaa vyumba vya uani, na Salome, mke wa Mihayo. Seva ilifanya kazi ndani ya uzio tu. Simu ikifika getini na kukamata waifai, picha za siku hiyo zilijihifadhi zenyewe. Mihayo alikuwa anarudi saa kumi na mbili jioni, vumbi mpaka kwenye kope, na picha zake ziliingia kabla hajanawa mikono.

Alhamisi moja asubuhi duara la kina Mihayo, shimo la mita sabini, lilititia. Mwenye duara, mzee Mwigulu, alifungua daftari akaita majina. Saba waliandikwa, saba waliitika. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akawaruhusu waokoaji wakale.

Tabu ni kwamba Mihayo aliingia kwa jina la mchimbaji mwenzake, Edward. Ndivyo wanavyofanya pale: ukiamka na homa, mwenzako anaingia zamu yako na kuitikia jina lako, usije ukakosa mgao wa mawe ya dhahabu. Asubuhi Edward alikuwa na homa kali. Majina yalipoitwa mchana, homa ilikuwa imeshuka kiasi cha kumwezesha kufika shimoni na kuitika. Jumapili alifanyiwa ibada ya shukrani kwa kutoka mzima. Alitoa ushuhuda mrefu na watu wakalia.

Saa kumi na mbili jioni ya Alhamisi ileile, simu ya Mihayo ilikamata waifai ya nyumbani. Zikaingia picha nne: gogo lililovunjika, ukuta wa mawe, mkono wake wa kushoto, na giza. Donatus alikagua ruta akakuta iko sawa. Loveness alifunika sahani ya ugali. Ijumaa ziliingia tatu, Jumamosi tano.

Wiki ya kwanza Salome aliomba mumewe atolewe akiwa hai. Wiki ya tatu aliomba atolewe tu, akazikwe Samuye kwa mama yake. Alikwenda na shemeji yake kwa Mwigulu, wakamwekea mapajani kompyuta ndogo yenye picha zile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole sana, mayu, pole mama." Mwigulu alizitazama picha moja baada ya nyingine. "Ndiye Mihayo, namjua. Lakini kwenye daftari langu hayumo."

"Si huyu hapa, baba?"

"Picha naiona, mayu. Nasema daftari."

Kwenye picha ya kumi na nne aliinamia kioo. Nyuma ya sikio la Mihayo, ukutani, ulipita mkanda wa njano wenye upana wa kiganja. Mwigulu alivaa miwani, akauliza kama hakuna nyingine iliyopigwa kwa karibu zaidi.

Mwigulu ana huruma. Wote wanaokula kwake wanasema hivyo. Jumatatu uchimbaji ulianza upya, upande wa mashariki, na Salome alimpigia magoti kwa shukrani. Kila jioni Mihayo alituma picha za ule mkanda, kwa juu, kwa chini, kwa pembeni, na kila asubuhi mtu wa Mwigulu alikuja kuzichukua. Wiki ya pili ya uchimbaji huo jina la Mihayo liliandikwa daftarini, lake mwenyewe safari hii, na mbele yake kila siku iliwekwa alama ya vema.

Salome alikwenda ofisi ya kata.

"Mama, hapa inaonyesha yuko kazini," alisema afisa, akisoma nakala ya daftari la Mwigulu. "Na kila jioni anatuma kazi. Mimi hapa nina wazima watatu hawafanyi hivyo."

"Basi naomba atolewe."

"Mtu aliye kazini hatolewi, mama. Anasubiriwa zamu iishe."

Salome hakulia pale. Alilia barabarani, mbele ya bodaboda na wauza vitenge, kwa hasira zaidi kuliko majonzi, na nadhani alikuwa na haki.

Jioni hiyo iliingia picha moja tu. Ilionyesha migongo ya watu watatu wenye taa vichwani, wakigonga mwamba. Hakuna aliyegeuka. Salome alimwomba Donatus aikuze, akaweka kidole kwenye kioo, akapima kutoka kwenye kamera hadi kwenye viatu vyao.

"Hatua mbili, shemeji," alisema. "Kesho wanamfikia."

Alifua shuka jeupe, akalianika, akampigia mama mkwe Samuye.

Picha ya kesho yake ilionyesha migongo ileile, hatua kumi mbele. Mkanda ulikuwa umepinda kwenda upande wa pili, nao wameufuata.