Nyigu wa Mkurugenzi

Walimwita Mazishi, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimiwa. Alifanya kazi katika jumba la makumbusho, chumba cha mwisho kabisa, ukishapita vyoo, na kazi yenyewe ilikuwa kuainisha nyigu. Si wale wanaojenga darini na kuwatimua watu mbio. Hawa wake ni wadogo, wengi hawafiki punje ya mchele. Jike lao humtafuta kiwavi aliye hai, humchoma, humtia mayai tumboni, kisha huenda zake kama mtu aliyeacha mzigo kwa jirani. Mayai yakianguliwa, mabuu humla mwenyeji wao kwa ndani, polepole na kwa adabu, wakianza na mafuta na kuacha viungo vya uhai mpaka mwisho, maana mwenyeji akifa mapema chakula kitaoza. Wahenga waliosema mgeni siku ya tatu umpe jembe hawakuwa wamemuuliza kiwavi. Mazishi aliwapenda sana nyigu hawa, na hakuona haja ya kueleza kwa nini.

Jina la utani lilitokana na sheria moja ya fani yao. Mdudu ni mmoja na jina lake ni moja, lile la kwanza. Wataalamu wawili wakimpa mdudu yuleyule majina mawili, lililotangulia linaishi na lililofuata linakufa, hata kama aliyelitoa ni mtu mzito kiasi gani. Mazishi alikuwa na jicho baya kwa mambo hayo. Alikuwa akivuta droo za zamani, anawaweka nyigu chini ya hadubini, na kabla chai yake haijapoa anagundua kwamba spishi ya bwana fulani ni nyigu wa kawaida tu aliyekaa kwenye spiriti mpaka akachujuka rangi. Anaandika makala fupi, na jina la bwana fulani limekwisha. Wenye majina walimjia, wengine wazee wastaafu waliowapa wadudu hao majina ya mama zao, macho mekundu. Aliwapa kiti, akawapa maji, akawaambia ni jina tu, hakufa mtu. Alishangaa sana kwamba hawakumpenda.

Tumpe haki yake: hakuwahi kukosea. Kilichomuuma, na alikificha vizuri, ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoa jina hata moja lake mwenyewe. Kila mtu katika fani, hata wale wavivu, alikuwa na spishi yake, na jina lake mwenyewe limeandikwa mbele ya jina la mdudu milele. Yeye alikuwa na makaburi ya wenzake.

Kwa hiyo siku aliyomwaga kopo la mtego na kumkuta nyigu asiyemfahamu, alimtazama mpaka chai yake ikapoa. Mtego ulikuwa wa hema la chandarua, ameutega pembeni mwa bustani za mboga nyuma ya matangi ya maji ya mji. Nyigu walikuwa weusi ti, miguu ya njano, vipapasio virefu kuliko mwili. Alipekua droo zote, akapekua vitabu vyote, akawaandikia hata wale waliokuwa hawamjibu. Hakuna aliyemjua. Alifunga mlango kwa ufunguo akacheza peke yake katikati ya makabati, mwanamke mzima mwenye shahada tatu.

Nyumbani mume wake, fundi wa majokofu, alipokea habari kwa heshima zote. Mtu huyu alikuwa amevumilia kwa miaka vikopo vya nyigu ndani ya jokofu lake mwenyewe, vimepangwa ubavuni mwa nyama. Sasa alipita mtaani akiwatangazia watu kwamba mke wake hatimaye kajifungua. Mazishi alimkataza, akamkumbusha kwamba kanzu haikatwi kabla mtoto hajazaliwa, lakini alikuwa anacheka.

Kulikuwa na kasoro ndogo. Nyigu wote aliowanasa walikuwa madume. Katika fani hii, madume ni kama wanaume kwenye harusi, wote wamevaa suti moja, na mwenye akili humsubiri jike ndipo atoe jina. Mazishi alikuwa amewasema wenzake kwa kosa hilihili, tena kwa maandishi, tena kwa maneno ambayo hayakuwa na lazima. Lakini mkuki kwa nguruwe. Safari hii alijiambia kwamba madume haya ni tofauti kabisa, na kwamba kusubiri sana ni woga.

Sasa Mkurugenzi. Huyu hakuwa amekaa mbele ya hadubini tangu alipopata kiti cha kuzunguka. Ujanani aligundua spishi moja, ndiyo hiyo hiyo moja: jike jekundu lenye mkia mrefu wa kutagia. Wakati huo alikuwa mchumba, na mama wa binti alikuwa bado anafikiria. Akampa nyigu jina la mama huyo. Mama hakuuliza nyigu huyo anafanya nini maishani, aliona jina lake kwenye kitabu cha Kilatini, akaridhika, na ndoa ikafungwa. Picha ya mdudu bado ilikuwa ukutani sebuleni kwa Mkurugenzi, juu ya kiti ambacho mama mkwe alikuwa amekikalia tangu alipofiwa na mumewe.

Lakini yeye Mkurugenzi hakuwa na nyigu wa jina lake, na mtu hajipi. Ni kama kukunwa mgongo, lazima mwenzio aone inapowasha. Aliposikia kuna spishi mpya, alimwita Mazishi ofisini, akaagiza chai, akamuuliza hali ya mumewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mkataba wa Mazishi, ambao kila mwaka husubiri saini yake, ulikuwa mezani. Hakuutaja. Aliweka tu kisahani chake juu yake, akazungumza kwa kirefu kuhusu kustaafu, na kuhusu namna taifa linavyosahau watu wake. Mazishi alielewa. Kwake haikuwa hasara, kwa sababu nyigu angeitwa kwa jina la Mkurugenzi, lakini aliyempa jina angebaki kuwa yeye, na hilo halifutiki. Hafla ikapangwa, kadi zikatumwa, na likaagizwa bango lenye nyigu mkubwa kama mbuzi.

Ni bango lililomponza. Mchoraji aliuliza jike lake likoje, na Mazishi akaona aibu kusema hajui. Akarudi bustanini, akaokota viwavi kwenye majani ya kabichi, akawaweka kwenye chupa na kuzifunga midomo kwa kitambaa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Kwa viwavi wale kilikuwa kimeshapita nguo zamani. Baada ya siku chache walipasuka, na migongoni mwao vikaota vifukofuko vyeupe kama mchele uliomwagika.

Asubuhi moja vifukofuko vikafunguka. Wakatoka madume meusi yenye miguu ya njano, watoto wake kabisa, naye akacheka kwa sauti. Halafu wakatoka dada zao wa tumbo moja, tumbo la kiwavi. Walikuwa wekundu, na kila mmoja alikuwa na mkia mrefu wa kutagia.

Mkia ule aliujua. Hakuwa na haja ya kufungua droo, lakini aliifungua, akamtoa yule nyigu wa zamani wa Mkurugenzi na kuwaweka ubavu kwa ubavu. Ni yuleyule, nywele kwa nywele. Akaangalia chupa ya pili, na ya tatu, na ya nne. Na kama vile alikuwa bado anabisha, madume yale, bila haya ya undugu, yakaanza kuwapanda dada zao mbele ya macho yake. Aliyatazama kwa chuki ambayo hajawahi kumwonea mdudu.

Basi spishi yake mpya alikuwa mume wa spishi ya zamani. Jina ambalo angelitoa lingezaliwa limekufa, na katika orodha ya majina yaliyokufa, ambayo haifutwi hata dunia ikiisha, Mkurugenzi angelala chini ya mama mkwe wake. Siku nyingine Mazishi angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo alikaa chini bila kucheka.

Alibeba chupa zote nne mpaka kwenye sinki, akafungua bomba. Hakuna aliyekuwa ameona. Pengine baada ya miaka mingi angetokea binti fulani mwenye jicho baya, avute droo, agundue, amwandikie makala fupi. Wakati huo yeye atakuwa mstaafu anamwagilia maua. Maji yalimwagika kwa muda mrefu. Hatimaye alilifunga bomba, na si kwa uchamungu, maana huo hakuwa nao mwingi. Ila alikuwa ameshawaona, na kila atakapolisoma jina lake limeandikwa pale, angewaona tena.

Mume wake alimsikiliza huku anafungua skrubu za jokofu la mtu.

"Kwani ukinyamaza atakufa nani?" akamuuliza.

"Hatakufa mtu. Ni jina tu," akasema Mazishi, kisha akajisikia alivyosema.

Mume aliweka bisibisi chini. "Mwosha huoshwa, mke wangu," akasema, kwa upole. Kisha akarudi kwenye skrubu zake, na kwa hilo Mazishi alimpenda.

Alimwambia Mkurugenzi asubuhi ya hafla, amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni watu wangapi wanajua.

"Mimi, mume wangu, na sasa wewe, bosi."

"Basi hakuna anayejua," akasema Mkurugenzi. Akaeleza kwamba viti vimeshakodiwa, wageni wako njiani, na sayansi imesubiri maelfu ya miaka, haitashindwa kusubiri mpaka wiki ijayo. Mkataba, akasema, atausaini mara tu atakaposikia hotuba nzuri. Alimtakia kazi njema.

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, nywele nyeupe, fimbo katikati ya magoti, amekuja kuona mkwe wake naye akipewa mdudu. Mazishi alimwamkia, akaitikiwa marahaba ya mtu anayekukagua. Zilifuata hotuba za watu ambao hawajui kutofautisha nyigu na nzi, na zote zilisifu nyigu kwa bidii yake ya kutengeneza asali. Kisha akaitwa yeye. Alipanda jukwaani, akalitazama lile bango, na kwa mara ya kwanza maishani akawaza kwamba angekubali kutojua anachokijua.

"Huyu mnayemwona si spishi mpya," akasema. "Nilikosea. Ni dume la nyigu aliyegunduliwa zamani na Mkurugenzi wetu mwenyewe, na lina jina tayari. Ni jina la mama yetu aliyekaa hapo mbele."

Tabasamu la Mkurugenzi lilibaki usoni kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke. Mama mkwe alimwinamia jirani yake ayarudie maneno, akasikiliza, akatikisa kichwa mara kadhaa, kisha akageuka kumtazama mkwe wake.

"Kwa hiyo nimeolewa?" akauliza. "Ujane wote huu, baba, kumbe ulikuwa unanitafutia mume?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Na hapo ndipo Mazishi alipoelewa kwa nini yule ni Mkurugenzi na yeye yuko nyuma ya vyoo. Kabla kicheko hakijaisha, Mkurugenzi alishachukua kipaza sauti, ameshainama mbele ya mama mkwe, na ameshawatangazia wageni kwamba hiyo ndiyo zawadi aliyokuwa amemficha mama siku zote. Walimpigia makofi wamesimama. Magazeti yakaandika kwamba Mkurugenzi ametegua kitendawili alichokiacha wazi tangu ujana wake. Mazishi hakutajwa popote, na kwa sheria za fani ilikuwa sawa kabisa, maana anayempata dume wa spishi inayojulikana haandikwi mbele ya jina lolote. Naye alipiga makofi pamoja na wengine.

Siku iliyofuata alifunga mlango, akawatoa nyigu wake kwenye sanduku jipya, na kuwahamishia kwenye droo ya zamani, mmoja mmoja, chini ya jina la mama mkwe. Alilia. Hakuwa mtu wa kulia, na hakujua afanye nini na pua, akatumia kitambaa cha kufungia chupa. Alikuwa na huzuni ya kweli, ya mtu aliyefiwa, na kila mzee ambaye yeye aliwahi kumpa kiti na maji alimjia kichwani kwa zamu.

Hajamaliza, akaitwa juu. Mkurugenzi alikuwa mchangamfu. Mkataba ulikuwa umesainiwa, tena si wa mwaka, ajira ya kudumu. Alimkaribisha kiti, akaenda mwenyewe kufunga mlango. Akasema ameona kwamba makumbusho haya yanahitaji mtu mkweli. Akazungumza kidogo kuhusu hali ya hewa. Kisha akamtaja mkurugenzi wa taasisi nyingine, aliyesoma naye, mtu wa majivuno, ambaye ana nyigu wa kijani aliyepewa jina lake, na nyigu huyo, kwa alivyosikia yeye, alielezwa kwa madume matupu.

"Sitaki kumsingizia mtu," akasema. "Nauliza tu kitaalamu. Unadhani yule ni halali?"

Mtaalamu angesema hajui mpaka aone. Aliyelia nusu saa iliyopita angefikiria ni nani aliyempa nyigu yule jina, kama ni kijana, kama ndiyo spishi yake ya kwanza, kama naye alicheza peke yake kwenye makabati. Mazishi alikuwa na uvimbe wa machozi bado machoni.

"Nitawaandikia leo wanitumie," akasema, kabla Mkurugenzi hajarudi kwenye kiti chake. Haraka ya sauti yake mwenyewe ilimtia aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini alishasimama, na mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango.