Maneno Matano Yaliyorukwa

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa na ada yake katika kusoma imla: neno moja, pumzi moja, wala hakuwahi kuharakisha. Walimu wenzake walimtania kwamba amemeza saa. Hivyo daftari la Mawingu lilimkosesha raha. Watoto walimpachika msichana huyo jina hilo kwa kuwa alizoea kukodoa macho katikati ya somo kana kwamba yuko angani. Naye mwalimu, Mungu amsamehe, alikwisha kumsimamisha pembeni mara mbili kwa kosa hilo.

Siku hiyo alipanga mezani imla za mwezi mzima. Sentensi zilikatika ghafla, kisha zikaendelea kwa mwandiko uleule safi. Akahesabu maneno yaliyorukwa: matano, sita, matano. Mtoto mvivu huacha mwishoni, akawaza. Huyu huondoka, akarudi. Kesho yake akamkazia macho. Kalamu ilisimama, kope zikachezacheza, jina likaitwa asisikie. Baada ya sekunde kumi akaendelea kuandika.

Ijumaa ya wiki hiyo, kikao cha walimu kilitarajiwa kumrudisha Mawingu darasa la pili. Mwalimu akayabeba madaftari hadi karakana ya baba wa mtoto, seremala.

"Unaniambia binti yangu ana kifafa?" Seremala aliweka randa chini. "Kifafa nakijua, mwalimu. Shemeji yangu alikuwa akianguka, akitupa miguu, mate yakimtoka. Huyu wangu haanguki hata akisukumwa!"

"Mimi si daktari, baba. Nasema twende tukaulize."

"Na watu wakisikia?"

"Wameshasikia kwamba ni mjinga. Lipi lina nafuu?"

Seremala akaitundika randa ukutani. Akajipangusa vumbi la mbao.

Hospitalini, daktari alizisoma imla zote, kisha akampa Mawingu kipande cha karatasi. "Kipulize, mama, usiache mpaka nikuambie basi." Dakika ya pili haijaisha, karatasi ikatulia. Macho yakaganda.

"Mwanangu! We!" baba akaita. Kimya. Akamgeukia mwalimu, uso umemshuka.

"Nimeshinda?" Mawingu akauliza ghafla, akapuliza tena.

"Kifafa kina sura nyingi," daktari akasema. "Cha shemeji yako kilionekana na kila mtu, hiki hupita kimyakimya. Tutampima ubongo, kisha dawa kila siku bila kuruka. Asiogelee peke yake. Na akianguka siku moja, mlaze ubavu, tazama saa, usimtie kitu mdomoni. Zikipita dakika tano, mkimbize hospitali."

"Shemeji tulimtia kijiko," seremala akanong'ona. "Kila mara."

Ijumaa mwalimu alisimama kikaoni, akaanza na kosa lake mwenyewe: "Nilimwadhibu mtoto mgonjwa." Kisha akaomba Mawingu abaki darasani kwake; akipotea, yeye atamrudia sentensi.

"Na wenzake arobaini wamngoje?" mwalimu mkuu akauliza.

"Sekunde kumi tu, mkuu. Hazijamuua mtu."

Hakuketi mpaka alipoliona jina la mtoto limekatwa kwenye orodha ya wanaorudishwa.