Doa la Kidole cha Mzee Hobart

Oleta alisema mara tatu, na mara ya tatu alisema huku anavaa koti la kwendea kanisani.

"Delmer, hiyo bastola usiiguse. Msubiri Arvil."

"Nimesikia, mke wangu."

"Kusikia najua umesikia. Nauliza kama umeelewa."

Akaenda zake kusaidiana na akina mama wenzake kukata maboga. Delmer Stidham akabaki jikoni, peke yake na sufuria ya maharage iliyokuwa ikichemka taratibu. Alikuwa ametengeneza mashine za mgodini miaka thelathini na moja, kule chini ambako mtu hanyooshi mgongo mpaka afike nyumbani. Mashine mojawapo ilimbana kidole gumba cha kulia, kikabaki bapa, kipana, hakina ukucha. Mtu kama huyo ukimwambia asubiri fundi, umemtukana.

Bastola ilikuwa ya marehemu Hobart, baba yake Oleta. Mzee yule aliishi nayo miaka hamsini. Jioni za kiangazi alikaa kibarazani akisikiliza mpira wa besiboli redioni, bastola tupu mapajani, kidole gumba kikisugua mahali palepale ubavuni, upande wa kushoto, mchezo hadi mchezo, mwaka hadi mwaka. Rangi nyeusi ya chuma ikaisha pale, pakabaki doa jeupe lenye ukubwa wa punje ya haragwe. Oleta alipokuwa mdogo alipenda kuweka kidole chake humo baba akimaliza. Tangu mzee afe, miaka minne sasa, alikuwa akifungua droo ya kabati, anaweka kidole kwenye lile doa, anatulia kidogo, anafunga droo. Delmer alimwona mara nyingi akifanya hivyo, kwa hiyo asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

Sasa, katika bonde lile la West Virginia, Sikukuu ya Shukrani watu wakishamaliza bata mzinga hutoka nyuma ya ghala kulenga makopo. Kwa akina Hobart risasi ya kwanza ilipigwa kwa bastola ya mzee, na baada ya kifo chake aliipiga Oleta. Mwaka uliopita ilikwama. Akavuta, ikakwama tena, na Oleta akalia mbele ya ukoo mzima, machozi yake na masizi ya baruti usoni. Delmer aliapa moyoni kwamba aibu ile haitarudi. Tatizo Arvil, fundi bunduki wa mjini, alikuwa amezidiwa. Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu, na bunduki za watu zilirundikana dukani kwake hadi mlangoni. "Njoo Desemba," alisema. Na Shukrani ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo.

Basi Delmer akatandika gazeti mezani. Alitoa kasha la risasi, akachungulia chemba, akaingiza kidole kuhakikisha ni tupu, akachungulia tena. Hapo hakuwa na makosa. Kosa la kwanza lilikuja alipofungua mdomo wa bastola. Ndani mna springi ndefu iliyobanwa na kizibo kidogo kama kofia ya mwanasesere, nayo hushikwa kwa kidole gumba huku unazungusha. Kidole bapa hakishiki vizuri. Kizibo kiliruka, kikagonga taa ya darini, kikatoweka.

Alikitafuta chini ya friji, nyuma ya jiko, ndani ya viatu vyake. Dakika arobaini. Mwishowe akasimama, akatazama sufuria isiyo na kifuniko, akasema neno ambalo kanisani halisemwi. Alikiopoa kwa mwiko kutoka kwenye maharage, akakiosha, akakoroga sufuria kama kawaida na kumwomba Mungu.

Springi mpya aliyoinunua badala ya ile iliyochoka ilikaa vizuri. Kosa la pili lilikuwa kwenye ile pini ya pembeni yenye mkono, ambayo huingizwa mwisho. Ukiisukuma bila kuinyanyua vizuri, ncha ya mkono wake huburuta ubavuni na kuchora mstari uliopinda. Kule kwao mstari huo unajulikana kwa wote. Unaitwa alama ya mjinga. Mtu akiona bastola ina mstari huo hahitaji kuuliza aliyeifungua alikuwa fundi au nani.

Delmer aliisukuma. Ikakwaruza. Akaitazama ile alama, mpya, inang'aa, na masikio yakamchemka. Shemeji zake wangeiona Alhamisi, wangecheka mpaka Pasaka.

Alikuwa na chupa ya dawa ya kutia weusi chuma, iliyobaki alipopaka bunduki yake. Akapaka kwenye mkwaruzo. Mkwaruzo ukawa mweusi, lakini mweusi wa peke yake, kama kiraka cha suruali. Akapaka pembeni kidogo ili ulingane. Haukulingana. Akapanua tena, na tena, mwisho akasugua ubavu wote kwa pamba ya chuma, akaupaka wote. Ukatoka safi, mweusi mororo, kama bastola ya dukani. Akaishika mbali kidogo kuitazama, akatabasamu. Mungu ana subira na wanaume.

Oleta alirudi saa kumi. Kabla hajavua koti alionja maharage.

"Delmer."

"Naam."

"Maharage yananuka mafuta ya bunduki."

Delmer akaamua kushambulia kwa furaha. "Njoo uone! Imepona. Haikwami tena. Hebu ishike."

Akaipokea. Hakuitazama sana, kidole chake kilikwenda chenyewe ubavuni. Kikapita. Kikarudi, kikapita tena. Ndipo akageukia dirishani kwenye mwanga.

"Liko wapi?"

"Lipi?" Lakini neno lilikuwa limeshamtoka kinywani alipoelewa.

"Umempaka rangi baba yangu," Oleta alisema. Hakupiga kelele. Aliiweka bastola mezani, juu ya gazeti, akaenda chumbani na koti lake mwilini. Delmer akaona aibu kubwa kuliko ile aliyokuwa anaikimbia. Maharage akayamwaga mwenyewe.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Arvil kabla hajafungua.

Arvil aliikwangua kidogo kwa ukucha, akainusa, akacheka. "Mjinga alipita hapa, kisha akarudi kufuta nyayo."

"Utanicheka baadaye, bwana. Unaweza kulirudisha?"

"Naweza kukutolea doa jeupe dakika tano kwa msasa. Lakini litakuwa doa langu." Akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Ila dawa hii ya chupa haidumu. Jasho na mkono vinaila. Mzee alilitoaje?"

"Kwa kidole."

"Basi."

Alhamisi Oleta alipiga makopo matatu. Bastola haikukwama hata mara moja, shemeji walishangilia, mmoja akasifu ilivyopendeza. Oleta akamrudishia Delmer, akaingia ndani.

Jioni ile Delmer alitoa risasi, akachungulia mara mbili, akakaa kibarazani na blanketi. Besiboli ilikuwa imekwisha msimu, redio ilikuwa na mpira wa kikapu. Akaanza kusugua. Kesho yake vilevile, na baada ya theluji kuanguka akahamia karibu na jiko la kuni. Oleta alifuma sweta upande wa pili, akimwona. Desemba ikapita, Januari ikapita. Mwezi wa pili weusi ulianza kuwa kijivu. Mwezi wa tatu chuma kilichungulia.

Jioni moja Oleta aliweka sindano zake chini, akanyoosha mkono. "Lete."

Aliiweka mapajani, akafumba macho, akatia kidole. Doa lilikuwa pana, bapa, halina umbo la haragwe. Kidole chake kilielea humo, kikitafuta kingo.

"Hili si la baba," alisema.

"Najua."

Kidole akakiacha humohumo. Redioni mchezaji alikosa kikapu, watu wakaguna.

"Lako hili," akasema, akamrudishia. "Endelea kusugua. Halijatosha."